Chipu Kumi na Sita Juani

Mtaani wananiita Pasi, eti kwa sababu napata moto haraka. Sibishi. Ila hakuna anayekumbuka kwamba pasi hiyohiyo ndiyo inayonyoosha nguo. Mume wangu wanamwita Taratibu, na hilo halihitaji maelezo: mtu aliyechelewa harusi yake mwenyewe kwa sababu alikuwa anamalizia redio ya jirani, wewe ungemwitaje? Sote wawili ni mafundi wa kompyuta. Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba. Meza yangu iko upande wa dirisha, yake iko upande wa mlango, na katikati kuna nyaya nyingi kuliko nafasi ya kupita.

Chumba cha nyuma anakaa mama mkwe wangu. Ana miaka sitini na minne, magoti mabovu na akili timamu. Alikuja kututembelea kwa wiki tatu, na huu ni mwaka wa sita. Sisemi kwa ubaya. Ananipenda kwa namna yake, yaani ananikosoa kila siku nisije nikadhani amenisahau. Sufuria sikuisugua upande wa nje. Pazia nimelitundika kombo. Mwanawe namsemesha kama polisi. Na usafi kwake ni dini ya pili. Kitu kikikaa siku mbili bila kufutwa, anaona kama kimemtukana.

Siku moja alinikosoa mpaka nikachoka. Nikamwambia kituo cha mafunzo kiko hapo mwisho wa barabara, aende akajifunze kompyuta ili akili yake ipate kazi nyingine. Nilisema kwa hasira, nikidhani atanuna. Kesho yake akavaa viatu vyake vya kutokea, akachukua daftari, akaenda kujiandikisha. Mwalimu mwenye kituo alinipigia simu kuniuliza kama nina habari. Nikamwambia ninayo, na moyoni nikasema hamalizi wiki.

Alimaliza miezi minane. Jioni alikuwa ananihadithia majedwali na barua za kiofisi kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Siku moja tukiwa tunamenya vitunguu, akanieleza kwa nini anautaka ule mtihani wa mwisho. Shule aliacha darasa la nne, siku aliyozaliwa mdogo wake wa mwisho, wakamfunga mtoto mgongoni na habari ya madaftari ikaishia hapo. Tangu siku ile, karatasi zote zilizopita mikononi mwake zilikuwa za watu wengine. Hati ya nyumba ilikuwa na jina la marehemu mumewe, kadi za kliniki zilikuwa na majina ya watoto.

"Nataka karatasi moja tu," akasema, "yenye jina langu peke yangu, iliyopigwa muhuri."

Nikapangusa macho. Nililaumu vitunguu.

Sasa tatizo la mtihani lilikuwa hili. Ulikuwa haujawahi kufanyiwa pale kituoni. Ili kiruhusiwe, lazima aje mkaguzi wa mitihani ajionee kwa macho yake, na masharti yake yalikuwa mafupi: idadi ya kompyuta zinazowaka ndiyo idadi ya watahiniwa. Waliojiandikisha walikuwa kumi na sita. Atakayekosa kompyuta ataufuata mtihani mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi, kisha alale huko siku mbili. Mama mkwe alikwishasema mapema kwamba wakimpakia kwenye basi kwa saa sita, magoti yatashuka na yeye atabaki kitini.

Na kompyuta kumi na sita Mwalimu alikuwa nazo, shida ni kwamba hazikuwa na diski hata moja. Zilitoka kwenye ofisi moja iliyokuwa inabadilisha vifaa, na ofisi zikigawa kompyuta hutoa diski kwanza ili siri zao zisitoke. Kompyuta bila diski ukiiwasha inaamka haijui lolote, haina pa kusoma inachotakiwa kufanya. Mwalimu alikuwa ameshaanza kukata tamaa. Mimi nikamwambia asiuze hata moja, kwa sababu zinaweza kuamshwa kwa mtandao.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo kisa kilipo. Unaweka kompyuta moja kubwa pembeni, tunaiita seva, hiyo ndiyo yenye diski na kila kitu. Zile nyingine kila moja unaipa kadi ya mtandao ya kuchomekea kebo, na juu ya kadi kuna kitundu cha chipu ndogo yenye miguu ishirini na minane. Ndani ya chipu umeandika maneno machache. Kompyuta ikiamka, chipu inaita kupitia kebo: mimi nipo hapa, nani atanipa cha kufanya? Seva inajibu, inatuma kila kitu, na baada ya dakika moja kompyuta iko tayari kama ingekuwa na diski yake. Chipu isipoita, hakuna kinachotokea. Skrini nyeusi, basi.

Kwa hiyo tukaenda kuchagua kadi, na tukagombana dukani. Muuza vifaa chakavu alikuwa na makasha matatu yaliyojaa kadi. Taratibu alitaka zile mpya mpya, ambazo chipu imeshikamana nazo kabisa na unaiandikia hapohapo ilipo. Mimi nilitaka zile za zamani zenye kitundu, unachomoa chipu, unaiandikia mezani, unairudisha. Sababu zangu zilikuwa mbili. Kwanza, kompyuta za Mwalimu ni wazee, na wazee wanaelewana na wazee. Pili, zile kadi mpya zilikuwa za kila kabila. Mbili zinafanana rangi na jina, ukitazama ile chipu kubwa ya katikati namba ni tofauti, na kila namba inataka maneno yake. Mimi nilitaka kumi na sita za ukoo mmoja, niandike mara moja tu, nirudie.

Yeye alikuwa na hoja moja. Chipu za zamani zina kidirisha cha kioo juu. Mwanga wa jua ukiingia pale kwa siku kadhaa, unafuta kila kilichoandikwa. Nikamwambia ndiyo maana Mungu aliumba utepe mweusi, unaziba kioo na habari imekwisha. Akasema haya. Ukweli ni kwamba nilishinda kwa sauti. Tukachambua makasha yote matatu, kadi moja moja, mpaka tukapata kumi na sita zenye namba ileile, nami nikarudi nyumbani nikitembea kama niliyeshinda uchaguzi.

Taratibu aliziandikia chipu zote kwa mashine ya kuchomea, ndivyo mafundi tunavyoita kuandika ndani ya chipu, akaziba kila kioo kwa utepe mweusi, na juu ya utepe akabandika kikaratasi chenye namba, kwa ule mwandiko wake unaotambaa kama mchwa. Tukazijaribu zote kwenye kompyuta moja ya karakana. Zote zikaita, seva ikajibu zote. Nikamuuliza mume wangu kama ana la kusema kuhusu kidirisha cha kioo. Akazipanga kadi kwenye sinia.

Tulichobakiza ni kuzipeleka, lakini chumba cha Mwalimu kilikuwa kinapakwa rangi, nao wapaka rangi wakachelewa, kama kawaida yao. Zikakaa kwetu kwenye sinia siku kumi na moja. Mvua za usiku zilikuwa zimeanza, na ndani kulikuwa na ubichi wa kutosha kuotesha uyoga. Mimi nikawa nalalamika kila asubuhi kwa sauti, kama ninavyolalamika mambo yote, kwamba unyevu ndio adui wa vifaa hivi, na kadi zikipata kutu nitakufa. Nilikuwa nasema na kuta. Kumbe kuta zina masikio, na masikio yana mama mkwe.

Wapaka rangi walimaliza siku moja kabla ya mkaguzi. Mkaguzi alikuwa aje saa tano asubuhi. Saa moja ya asubuhi hiyo tulikuwa tumeshafika kituoni, mimi, Taratibu na sinia letu. Mama mkwe alitutangulia. Tulimkuta amekaa kwenye benchi la mlangoni na viatu vya kutokea, daftari mapajani, mwanafunzi pekee aliyeitwa kuja siku ile. Mwalimu alimwomba awakilishe wenzake, kwa kuwa ndiye mkubwa na hababaiki mbele ya wageni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia blauzi yangu imekosa kifungo.

Tukazifunga kadi zote kumi na sita, kebo zote, tukawasha seva. Niliona kwamba vile vikaratasi vya namba vilikuwa vinapendeza kuliko nilivyovikumbuka, vimekatwa sawasawa, namba zimenyooka. Nikadhani mume wangu hatimaye amebadilika. Nikabonyeza kitufe cha kompyuta ya kwanza.

Skrini nyeusi. Ya pili nyeusi. Nikabadilisha kebo, nikapiga ngumi swichi, nikawasha ya tatu, ya saba, ya kumi. Hakuna iliyoita. Jasho likanitoka mgongoni, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Mwalimu alisimama kwenye kona ameshika ufagio hafagii.

Basi nikamgeukia Taratibu. Sitarudia yote niliyosema, mengine hayarudiwi. Nilimwambia amenipa chipu tupu. Nilimwambia alikuwa anakata vikaratasi na kupamba namba badala ya kuangalia kazi, na kwamba kama angetumia nusu ya muda wa mapambo kuhakikisha kilichomo ndani, tusingekuwa hapa tunatazama vioo vyeusi. Yeye alisubiri nimalize. Ndiyo ubaya wake, anasubiri umalize, halafu unabaki umesimama peke yako na maneno yako. Akasogea, akainama kwenye kadi ya kwanza.

"Mke wangu," akasema, "huu si mwandiko wangu."

Nikatazama. Haukuwa wake. Ulikuwa mwandiko wa darasa la nne, ule wa zamani, uliofundishwa kwa fimbo, kila namba imekaa kwenye mstari wake. Tukageuka wote wawili kwa pamoja tukatazama benchi.

Mama mkwe alifurahi kuulizwa. Alieleza bila haraka. Alikuta vile vidude vimegandishwa uchafu mweusi unaonata, mtu akaona abandike na karatasi juu ya uchafu huohuo. Akavisafisha kimoja kimoja kwa pamba na spiriti mpaka vioo vikang'aa. Na kwa kuwa alinisikia kila siku nalia na unyevu, alitoa sinia nje kila asubuhi sisi tukiwa kwa wateja, akaliweka juu ya ukuta mahali jua linapopiga, vioo vikitazama juu, na kulirudisha ndani kabla hatujarudi. Siku kumi. Siku moja manyunyu yalimwahi akakimbia na magoti yake hayohayo. Mwisho akakata vikaratasi vyeupe akaandika namba upya, maana zile za mwanawe zilikuwa aibu mbele ya mkaguzi. Hakutuambia kwa sababu alitaka tushangae.

Tulishangaa.

Nilikasirika, nisidanganye. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto, na nilikuwa na maneno ya kutosha watu watatu. Taratibu alikuwa ananitazama mimi, hamtazami mama yake, kama mtu anayesubiri bomba lipasuke. Lakini mama mkwe naye aliacha kutabasamu. Aliangalia zile skrini nyeusi, akaangalia mikono yangu, daftari akalivuta karibu na tumbo. Ndipo nikaona kwamba mtihani unaopotea pale ni wa kwake, na aliyeufuta ni yeye, kwa kunisikiliza mimi.

"Nimeharibu?" akauliza.

"Hapana, mama," nikasema. "Chipu hizi zikikaa sana husahau zenyewe. Ni uzee tu. Tunaziandikia tena, basi."

Taratibu akageuka kunitazama. Tangu anioe hajawahi kunisikia nikisema uongo, kwa sababu uongo unataka subira na mimi sina. Njia ya mwongo ni fupi, najua, lakini ya kwangu ilitakiwa ifike saa tano tu.

Mashine ya kuchomea ilikuwa karakana. Mume wangu akaenda kuichukua, na majirani mpaka leo wanahadithiana kwamba siku ile Taratibu alionekana anakimbia. Wengine walidhani kuna moto. Alirudi saa tatu kasoro akihema, tukaiunganisha kwenye kompyuta yangu ya kubeba, nikachomeka chipu ya kwanza nisome kilichobaki ndani. Hakikubaki kitu. Ukurasa mzima herufi moja, F, F, F, mpaka chini. Jua lilifanya kazi yake kwa uaminifu kuliko fundi yeyote ninayemjua.

Kila chipu inataka dakika tatu za kuandikiwa, na dakika nyingine ya kuichomoa na kuirudisha bila kupinda mguu. Tukagawana. Mimi nachomoa na kurudisha, Taratibu anachomea. Mama mkwe hakukubali kukaa. Akachukua mkasi na utepe mweusi, akakata vipande vyenye ukubwa mmoja kama vilivyotoka kiwandani, na kila chipu ikitoka kwenye mashine yeye anaziba kioo. Aliziba, akatupia jicho jua la dirishani, bila kuuliza kwa nini kioo kizibwe. Mimi kwa upumbavu wangu nikashukuru kwamba hakuuliza.

Ya kwanza ikarudi kwenye kadi yake, nikabonyeza kitufe, mstari mmoja wa maandishi ukatokea, seva ikajibu. Mwalimu akapiga makofi akiwa bado na ufagio. Ya pili, ya tatu, ya sita. Chumba kikaanza kupata joto la kompyuta, na mimi nikaanza kuimba, na ninapoimba ni dalili kwamba mambo ni mazuri ingawa wanaonisikiliza huwa hawakubaliani nami. Kumi. Kumi na mbili. Taratibu akasema tuna muda, tusikimbizane, haraka haraka haina baraka. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo.

Saa nne, gari likasimama nje. Saa moja kabla. Wakaguzi wote duniani ni wamoja, wakikwambia saa tano wanakuja saa nne ili wakukute unavyoishi. Nilikuwa na chipu ya kumi na sita mkononi, ya mwisho, imeshaandikiwa. Niliposikia mlango wa gari, nikaisukuma kwenye kitundu chake kwa nguvu, kabla haijakaa sawa. Ikasema ta. Nikaitoa. Mguu mmoja ulikuwa umekatika, umebaki kisiki kama cha jino.

Chipu ya akiba hatukuwa nayo. Mguu mmoja kati ya ishirini na minane, na chipu yote ni kokoto.

Mkaguzi alikuwa bwana mwembamba mwenye fomu ndefu na kalamu mbili mfukoni. Akasalimia vizuri, akaomba aanze na milango. Mwalimu akamfuata na Taratibu akaenda kuwasaidia. Walipofika kwenye kompyuta, alizihesabu kwa kidole, akaona zinazowaka, akaona ile moja ya mwisho iliyofunguliwa kifuniko. Akasema kwa upole kwamba kumi na tano si haba. Mwalimu akate jina moja, kumi na tano wafanye hapa, mmoja asafiri.

Mama mkwe akasimama. Akasema wala wasihangaike kuchagua, wakate la kwake. Wengine wote ni vijana, wana watu wanawategemea, yeye cheti atakitundika tu ukutani. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia kunikosoa mapazia. Hapo ndipo niliumia kweli. Angelia ningevumilia.

"Asikate mtu jina," nikasema. "Mguu nimeuvunja mimi sasa hivi, na nitaurudisha mimi."

Mkaguzi akanitazama, akatazama saa yake. Akasema bado hajaona vyoo, kizima moto wala taa za nje. Akirudi, atakachokikuta ndicho atakachoandika. Taratibu akajitolea kumwonyesha. Mungu ambariki mume wangu, alimweleza yule bwana kila taa iliwekwa lini, kila bomba linaelekea wapi, na kizima moto kinavyotakiwa kushikwa, kwa mwendo wake uleule ambao umenitoa mvi.

Nikapasha moto solda, kile chuma cha kuunganishia nyaya. Nikakata kipande cha waya chembamba kama uzi, cha kuunga kwenye kile kisiki. Kazi hiyo inataka mikono mitatu, na mimi nilikuwa na miwili tu. Nikagusa mara ya kwanza, waya ukaanguka. Mara ya pili ukashika upande. Nikatoa neno ambalo halisemwi mbele ya mkwe.

Mama mkwe akavuta kiti akakaa mbele yangu. Akachukua kibano kutoka kwenye kisanduku changu, akaubana ule waya akauweka juu ya kisiki, na mkono wake haukutikisika hata kidogo. Akaniambia nisishike pumzi, nipumue, nguo haishonwi na mtu aliyeshika pumzi. Nikapumua. Nikagusa kwa ncha ya solda, tone dogo likayeyuka, likashika. Tulikaa vile, vichwa vinagusana, tukisubiri lipoe. Akaziba kioo kwa utepe wake.

Nikaichomeka taratibu, ndiyo, taratibu, na mume wangu asijue nimeandika neno hili. Mguu kwa mguu. Nikabonyeza kitufe. Skrini ikakaa nyeusi muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko miezi minane ya masomo. Halafu mstari mmoja, halafu wa pili, halafu seva ikajibu.

Mkaguzi aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye ileile, kifuniko bado kiko wazi, solda bado inanuka. Akasema hataki kuona picha nzuri tu, anataka mwanafunzi aketi pale aandike chochote, mistari miwili mitatu, aihifadhi kwenye seva aone kama inafika. Mwanafunzi alikuwa mmoja tu chumbani. Mama mkwe akapangusa kiti kwa kiganja, akaketi, akaweka vidole mahali pake kama alivyofundishwa. Aliandika polepole, bila kutazama mikono. Mimi nilisimama nyuma ya mkaguzi nikitazama zile taa za kadi zinavyopepesa, ndizo zilizonihusu. Mpaka nilipoona bega la mkaguzi limetulia ndipo nikatazama skrini.

"Chipu za kompyuta hizi nilizifuta mimi kwa kuzianika juani siku kumi. Mkamwana wangu amesema zimesahau kwa uzee, ili nisione aibu. Mimi ni mzee na sijasahau kitu. Ameniokolea mtihani wangu mara mbili leo, na hajui kudanganya hata kidogo."

Mkaguzi alisoma mara mbili. Akauliza mkamwana anayezungumziwa ni nani. Nikainua mkono, solda bado imo mkononi, na machozi yakanitoka palepale mbele ya mgeni, sina hata kitunguu cha kusingizia. Yule bwana akafungua fomu yake, kwenye nafasi ya watahiniwa akaandika kumi na sita, akatoa muhuri akaupiga. Mama mkwe hata hakugeuka, alikuwa ameshaanza mstari mwingine, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache.